Chunya kuna dhahabu, lakini mlango ni mmoja!

Mbavu zinauma na kandambili moja sijui iko wapi. Sababu utaijua ukisoma mpaka mwisho, usiruke.

Wiki hii nilikuwa Chunya. Wale mlioanza kunitania kwamba mwandishi wenu kaenda kuchimba dhahabu, naomba mpumue. Nilitumwa na mama.

Mama alinikabidhi shilingi laki nne. Noti alizikunja ndani ya kitambaa, akazifunga fundo, akanitazama nazitia kwenye soksi. Ni hela ya upatu aliyoisubiri tangu mwaka unaanza. Mpokeaji ni mjomba, mdogo wake wa mwisho, mwenye kibanda umiza pale Chunya. Alikuwa amepiga simu kwamba anakikarabati kibanda chake kiwe 'ukumbi wa kisasa', na kwamba dada akimkopesha atarudisha ndani ya miezi mitatu.

Mama akaniambia, "Wewe si ndiye unayeandika mambo ya sinema magazetini? Nenda kaone. Pakikaa sawa, mpe. Ukiona pana mashaka, rudi nazo, mimi nitajua la kumwambia. Ndaga, mwanangu."

Basi bwana, mimi mwenye cheti cha kidato cha nne chenye alama za kuungaunga, nikawa mkaguzi wa majumba ya sinema.

KUPANDA NA KUSHUKA

Kutoka Mbeya mjini hadi Chunya ni kama kilomita sabini na kitu. Mama husimulia kwamba zamani ulikuwa ukifika huko umepakwa vumbi mpaka kope, ndugu zako wanakutambua kwa sauti. Siku hizi ni lami. Lakini lami haijaondoa mlima. Basi linapanda Kawetere likinguruma kama mtu anayebeba gunia la viazi, baridi inaingia hata dirisha likiwa limefungwa, na abiria wote wananyamaza.

Huko juu pana mahali pa kutazamia panaitwa Mwisho wa Dunia. Ukiangalia chini unaona bonde limelala mpaka macho yanachoka. Jirani yangu kwenye kiti, mama mmoja mwenye kuku wawili kwenye kikapu, aliniambia, "Tazama vizuri mwanangu, kutazama bado ni bure." Nikatazama.

Halafu mnashuka. Kila kona unavua nguo moja: kona ya kwanza koti, ya pili sweta. Mkifika Chunya jua linakupokea kama mdai. Watu wa Mbeya tuliozoea ukungu, pale tunajulikana kwa jinsi tunavyotafuta kivuli.

Mjini pamechangamka. Pikipiki zimebeba mifuko ya mawe, maduka yanauza pampu, kamba na sululu, na ukitulia unasikia karasha zinasaga mawe kwa mbali, mchana kutwa. Tangu mwaka 2019 kuna soko la madini, mchimbaji anapima mzigo wake mezani badala ya kukutana na mnunuzi gizani. Vijana wametoka kila mkoa. Anayetoka kwenye duara au kwenye mwalo jioni, mwili umekwisha, anataka mambo matatu: kuoga, kula na kuona picha.

Hapo kwenye picha ndipo mjomba anapopatia ugali wake.

MJI ULIOZALIWA NA SINEMA BUBU

Msomaji, kabla hatujaingia kibandani, niruhusu nikurudishe nyuma kidogo, maana kuna kitu kimenikaa kichwani tangu niko kwenye basi.

Dhahabu ya Mto Lupa ilianza kugombaniwa miaka ya mwanzo ya 1920. Miaka ya 1930 ndipo mambo yakapamba moto ile mbaya. Mwaka 1931 Uingereza iliacha kuifunga pauni yake na dhahabu, na mwaka 1934 Marekani ikapandisha bei ya wakia moja kutoka dola 20 na senti 67 hadi dola 35. Wachimbaji wa Kizungu kwa mamia na vibarua Waafrika kwa maelfu wakamiminika Lupa. Mbeya yenyewe ilinenepa kwa sababu ya dhahabu hiyo. Baadaye ukaja mgodi mkubwa wa Saza, ulipofungwa mwaka 1956 Chunya ikapoa kama chai iliyosahauliwa.

Sasa fikiria. Wakati wa mwanzo wa Lupa, sinema duniani kote ilikuwa bubu. Watu kwenye pazia wanafungua midomo, hakuna linalosikika. Maneno yanaandikwa kwenye picha, kisha picha inaendelea. Chini ya pazia anakaa mpiga kinanda, na kwenye majumba makubwa bendi nzima, wanapiga muziki kufuatana na mambo yanavyokwenda.

Na majumba hayo yalianza wapi? Ndugu zangu, yalianza kama vibanda umiza. Ndugu wawili wa Kifaransa, akina Lumière, walionyesha picha kwa kiingilio kwa mara ya kwanza Paris tarehe 28 Desemba 1895, kwenye chumba cha chini cha mkahawa. Hakukuwa na ukumbi wa sinema kwa sababu hakuna aliyejua kitu hicho kinahitaji ukumbi wa namna gani. Baada ya hapo wenye mashine wakazunguka na mahema. Mwaka 1905 mjini Pittsburgh, Marekani, wafanyabiashara wawili wakachukua duka tupu, wakapanga viti, wakatundika kitambaa cheupe, kiingilio senti tano. Maduka ya namna hiyo yakazuka nchi nzima kama uyoga. Hewa nzito, viti vigumu, watu wamebanana. Tofauti na kwa mjomba ni kwamba wao hawakuwa na Ligi Kuu ya Uingereza.

Pesa ilipoingia ndipo tamaa ya kujenga ikaja. Hata kwetu huku. Zanzibar palikuwa na mfanyabiashara aliyetoka India, Hassanali Adamji Jariwalla, aliyeanza kwa kuonyesha picha kwenye hema. Mwaka 1921 akafungua jumba lenyewe hasa, Royal, pale Mji Mkongwe. Mchoro ulitoka kwa John Sinclair, ofisa wa Kiingereza ambaye mwaka 1922 hadi 1924 alikuwa ndiye Balozi Mkazi wa Uingereza visiwani, na ndiye pia aliyechora Beit el Amani, jumba la makumbusho. Jamani, mtu anayetawala nchi anachora ukumbi wa sinema! Ndiyo ujue sinema ilikuwa na heshima gani. Ilikuwa nyumba ya kwenda umevaa, umejipuliza, umemshika mwenzio mkono.

Mimi nilipoyasoma hayo nilimwonea wivu Jariwalla. Kutoka hema hadi jumba. Nikajisemea kimoyomoyo, pengine mjomba naye yuko njiani.

KIBANDANI KWA MJOMBA

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Umefika na mzigo wa dada?"

Hakuniuliza hata habari za safari. Nikamwambia mzigo upo, ila nimeambiwa kwanza nitembezwe.

Kwa msomaji asiyejua, kibanda umiza ni ukumbi wa video wa watu wa hali ya chini. Jina limetokana na mabenchi, ukikaa saa mbili unaumia unapokalia. Cha mjomba kina urefu wa kama hatua kumi na mbili na upana hatua saba. Nguzo ni magogo, kuta zilikuwa za matete na maturubai, paa bati. Kiingilio shilingi mia tano, mechi kubwa elfu moja. Ana projekta, ana king'amuzi, ana spika mbili ndefu kuliko mimi, na jenereta kwa siku umeme ukigoma.

Ukarabati ulikuwa umeshaanza. Matete yameng'olewa, kuta pande zote zimekuwa mabati, juu mpaka chini. Ndani amepiga vitenge na magodoro ya sponji yaliyokatwa vipande, eti kuzuia mwangwi. Mabenchi yameongezwa, njia ya katikati imefutwa. Na mlango ni mmoja, wa bati kwenye fremu ya mbao, unafungukia ndani.

"Hapo mwanzo," mjomba alinieleza huku amejaa fahari, "wazamiaji walikuwa wanapenya kwenye matete kama panya. Usiku wa mechi napoteza viingilio ishirini, thelathini. Sasa hapenyi hata mende. Mlango mmoja, mimi niko mlangoni, pesa haitoroki."

Nikamuuliza, "Na watu wakitaka kutoka?"

"Watoke waende wapi? Si wamelipa?"

Nilicheka, na yeye akacheka. Lakini laki nne kwenye soksi ikaanza kuniwasha.

Tusimlaumu bure. Kwenye sauti mjomba alikuwa anapigana na tatizo lilelile lililowatoa jasho wakubwa. Mwaka 1927 Wamarekani walitoa The Jazz Singer, na mwaka 1931 India ikatoa Alam Ara, picha yao ya kwanza ya kuongea. Dunia nzima wenye majumba wakalazimika kukarabati upya. Kuta zilizofaa picha bubu zikawa na mwangwi, neno moja linasikika mara tatu. Wakatundika mapazia mazito na kubandika vitu vya kumeza sauti, pazia la picha likatobolewa matundu madogo ili spika zikae nyuma yake. Wapiga vinanda wakafukuzwa kazi kwa maelfu. Kwa hiyo mjomba na magodoro yake yuko kwenye ukoo mrefu.

Ila sponji inashika moto. Hilo nilimwambia. Akasema, "Humu havutwi sigara."

BABU WA GARI LA SINEMA

Mchana nikatoka kutafuta kivuli, nikakipata kwa babu mmoja kwenye baraza la duka. Yeye mwenyewe anasema amevuka themanini, hajisumbui tena kuhesabu. Nilipomwambia nafuatilia habari za sinema alicheka mpaka akakohoa.

"Mjukuu wangu, sisi sinema ilikuja na gari."

Alikumbuka akiwa kijana, gari la serikali linaingia jioni, linapaki uwanjani, wanatundika shuka jeupe kati ya nguzo mbili, injini inawashwa. Watu wanatoka vijiji vya mbali na vigoda vyao na taa za chemli. Upande wa mbele ukijaa, watoto wanakwenda nyuma ya shuka, wanaona picha ileile ila imegeuzwa, mtu wa mkono wa kulia anakuwa wa kushoto. Picha zenyewe zilikuwa za kufundisha: chimba choo, lima kwa matuta, chemsha maji. "Lakini sisi tulikuwa tunangoja baiskeli ianguke," alisema.

Mambo hayo ya magari yana historia. Kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na mpango wa Waingereza wenye makao Vugiri, kule milima ya Usambara, wa kutengeneza picha za kuwafundisha Waafrika na kuzizungusha kwa lori Tanganyika na nchi jirani. Msimamizi alikuwa Meja Notcutt. Mwaka 1935 Ulaya ilishaacha sinema bubu, lakini wao mkanda wao ulikuwa bubu bado, sauti ikawekwa kwenye sahani za santuri zinazopigwa pembeni, kwa lugha ya watu wa pale walipofika. Sahani ikiruka, mzee wa kwenye picha anaongea sauti ya mke wake. Kulikuwa na picha ya Benki ya Posta, ya kodi, ya ngozi, na hata ya hadithi ya sungura na chui.

Majumba ya kukaa watu wenye tiketi yalikuja nyanda zetu za juu baadaye. Wazee wa Iringa mtaikumbuka Highland.

Nikamweleza babu kuhusu kibanda cha mjomba na kuta mpya za bati. Akatafakari. Akaniuliza swali lilelile nililomuuliza mjomba, milango mingapi. Nikamjibu.

"Ile yetu haikuwa na mlango hata mmoja, mjukuu wangu," alisema. "Nyoka akitokea, kila mtu anakimbilia anakotazama. Alitokea kweli siku moja. Hakuna aliyeumia, hata nyoka."

MKANDA ULIOKUWA UNAWAKA KAMA BARUTI

Neno la babu likanikumbusha jambo ambalo wengi hatulijui. Kilichofanya majumba ya zamani yajengwe vile yalivyojengwa, kwa sehemu kubwa, ni moto.

Mikanda ya enzi ya sinema bubu ilikuwa ya nitreti, ndugu wa karibu wa baruti. Ikishika moto haizimiki hata ukiizamisha kwenye maji, kwa sababu inajitengenezea hewa yake yenyewe. Na huo mkanda unapitishwa mbele ya taa kali ajabu, inayowaka kwa cheche kati ya vijiti viwili vya kaboni, na opereta anazungusha mashine kwa mkono. Akisinzia, mkanda ukasimama mbele ya taa, kwisha habari.

Tarehe 4 Mei 1897 kule Paris, kwenye maonyesho ya hisani, ilikuwa hata si mkanda, ilikuwa taa ya mashine ya sinema inayotumia etha. Msaidizi akawasha kiberiti. Jengo lilikuwa la mbao na vitambaa. Watu zaidi ya 120 walikufa, wengi wao wanawake wa familia kubwa. Tarehe 30 Desemba 1903, Chicago, ukumbi wa maigizo wa Iroquois uliokuwa na mwezi mmoja tangu ufunguliwe uliwaka mchana, umejaa akina mama na watoto wa likizo. Walikufa 602. Milango mingine ilikuwa imefungwa ili watu wasihamie viti vya bei kubwa bila kulipa. Mingine ilifungukia ndani. Watu waliifikia, wakasukumwa juu yake na wa nyuma, ikawa haifunguki.

Soma tena hapo, msomaji. Milango ilifungwa kwa ajili ya wazamiaji. Karne imepita na ushee, na sababu ya mjomba ni ileile.

Ndipo sheria zikaja. Uingereza mwaka 1909 ilitunga sheria kwamba mashine ya sinema ikae chumba chake kisichoshika moto, mbali na watazamaji. Kile kidirisha kidogo juu nyuma ya ukumbi mnachokiona kwenye majumba ya zamani, hakikuwekwa kwa urembo. Kilikuwa na kifuniko cha chuma kinachoanguka chenyewe moto ukitokea. Milango mipana inayosukumwa kwenda nje, njia kati ya viti, taa ya kutokea: vyote hivyo vililipiwa kwa roho za watu.

Hata Royal ya Zanzibar, iliyokuja kuitwa Majestic, iliteketea mwaka 1953. Hili jengo lililopo sasa ni la pili, lilifunguliwa 1955, na kwa miaka ya karibuni kumekuwa na juhudi za kulifufua.

Nilirudi kibandani nikamsimulia mjomba yote hayo, Paris, Chicago, Zanzibar. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anafunga waya wa spika. Kisha akasema, "Mjomba, dada amekutuma uniletee hela au uje unisomeshe darasa la saba?"

Nikanyamaza. Ni mjomba wangu.

USIKU WENYEWE

Jioni ile haikuwa ya mpira. Ilikuwa muvi ya Kichina, ya kupigana, iliyotafsiriwa. Watu wa kibandani wanajua raha yake: picha inakwenda, na juu yake kuna sauti ya Mswahili anakueleza kila kitu, anawapa wapiganaji majina ya mtaani, anaweka na vichekesho vyake. Aliyewatia watu kiu hiyo kwetu ni Lufufu. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo. Watu wanaona ni mambo ya juzi. Siyo. Enzi ya sinema bubu Wajapani walikuwa na watu waitwao benshi, wanasimama kando ya pazia na kuisimulia picha, na wengine walikuwa na jina kuliko waigizaji wenyewe. Walipokuja kuingia wenye sauti, benshi wakagoma. Sisi tumerudi pale pale tena kwa hiari yetu, na raha tunaipata.

Kibanda kilijaa. Nilihesabu mpaka tisini nikaacha. Nilikaa katikati, benchi la nne, kati ya kijana mwenye vumbi la karasha kwenye nyusi na mtoto wa miaka kama kumi ambaye hakuwa na biashara ya kuwa pale saa nne usiku. Kulikuwa na joto la kuivisha ndizi. Lakini asikwambie mtu, niliburudika. Mwovu anaanguka, ukumbi mzima unapiga miguu chini, mabati yanaimba.

Nilisikia harufu kwanza. Harufu ya waya. Nikageuka, nikaona moshi mweupe unapanda nyuma ya spika ya kushoto, pale ambapo waya wa soketi ya kurefusha ulikuwa umeviringishwa chini ya vitenge. Kabla sijafungua mdomo, kitenge kikashika.

Kilikuwa kimoto kidogo, kama cha kuchomea karanga. Lakini mtu mmoja alipiga kelele "Moto!" na watu tisini wakawa mtu mmoja.

Sikutembea mimi. Nilibebwa. Miguu yangu haikuwa chini, kandambili moja ikaenda zake. Wa mbele walifika mlangoni, mlango unafungukia ndani, wao wako juu yake, na nyuma yao tupo sisi. Nilimsikia mjomba kwa nje anavuta na kupiga bati, "Rudini nyuma! Rudini nyuma!" Nani arudi? Kifua kilibanwa mpaka nikaona nyota. Nikamfikiria mama na kitambaa chake. Nikamfikiria yule mtoto, sikumwona tena.

Kilichotuokoa ni mambo mawili. Msaidizi wa mjomba, aliyekuwa kwenye projekta, alichota gunia bichi lililokuwa chini ya dumu la maji akaukandamiza ule moto, akazima na umeme. Na wale vijana wa kwenye maduara, watu waliozoea kuvunja mwamba, walipiga teke bati la pembeni mpaka misumari ikang'oka. Upepo ukaingia. Tukatokea pale kama mahindi yanavyomwagika kwenye gunia lililotoboka.

Hakuna aliyekufa. Yule mtoto tulimkuta nje analia, mkono umekanyagwa, vidole vimevimba, mama yake kaja mbio na khanga moja. Mjomba alikaa kwenye jiwe. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akamwita yule mama, akampa viingilio vyote vya usiku ule, ndoo nzima kama ilivyo.

MLANGO WA PILI

Asubuhi fundi seremala alikuwepo kabla jua halijapanda. Mjomba ndiye aliyemwita, si mimi.

Mlango wa pili ulikatwa palepale vijana walipopiga teke. Ni mpana, watu watatu wanapita sambamba. Unafungukia nje, na wa mwanzo nao umegeuzwa ufungukie nje. Suala la wazamiaji lilitatuliwa na fundi kwa neno moja: upande wa nje hauna kitasa wala pa kushika, ndani kuna komeo la mbao la kusukuma kwa kiganja. Anayetoka anatoka, aliye nje haingii. Mjomba aliujaribu mara sita, kila mara anatingisha kichwa kama mtu aliyeibiwa kwa miaka bila kujua.

Sponji zimeng'olewa. Mwangwi umerudi kidogo, wavumilie. Njia ya katikati imerudishwa, mabenchi manne yametolewa. Waya mpya umenunuliwa, mnene, na haulali chini ya kitambaa. Pembeni ya projekta kuna ndoo mbili za mchanga.

Nilifungua soksi nikalipa mwenyewe: mbao, bawaba, waya, fundi, ndoo. Ikawa laki moja na elfu themanini na tano. Laki mbili na elfu kumi na tano nikazirudisha kwenye kitambaa. Mjomba aliziona. Hakuomba. Aliniambia tu, "Mwambie dada hiyo ya mlango namdai mwenyewe nafsi yangu."

Sijaelewa hesabu hiyo, ila nilimfikishia.

Mama alinisikiliza jikoni, anamenya ndizi. Nilimpa kitambaa, akahesabu. Nilidhani atanisifu kwa kubakiza. Akauliza, "Siku hiyo ya moshi wewe ulikuwa umekaa wapi?"

"Katikati, mama."

Akanyamaza. Akalifunga lile fundo upya, akanirudishia mkononi.

"Keshokutwa panda basi," akasema. "Kwambie mjomba wako atoboe wa tatu."

Basi msomaji wangu, wikiendi hii ukiingia kibandani, baa, ukumbi wa harusi au hata kanisani, kabla hujatafuta pa kukaa, tafuta pa kutokea. Ukiona mlango ni mmoja na unafungukia ndani, mwambie mwenye nyumba kwa adabu. Akikujibu kwamba anaogopa wazamiaji, mpe gazeti hili asome.

Mimi narudi Chunya, safari hii na viatu vya kufunga kamba. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.